Vita Vilivyobaki Chini ya Kitanda

Wiki jana nilikasirika saluni, na msichana aliyekuwa akinipaka rangi ya kucha akadhani ni yeye. Alikuwa amefungua kichupa chekundu, harufu yake kali ikanipanda puani, na kabla sijajua nilikuwa nimeuvuta mkono na kukunja uso. "Nimekuumiza, madam?" akauliza. Nikamwambia hapana, endelea tu. Ningemwelezaje? Harufu hiyo kwangu si ya kucha. Ni ya meli za anga tatu, kila moja ndogo kuliko kidole gumba, nilizozipaka rangi nikiwa na miaka tisa kwa kichupa nilichokiiba kwenye mkoba wa mama. Nikiinusa tu, narudi kwenye vita ambavyo nilikuwa karibu kabisa kuvishinda.

Kuna watu wa rika langu wanaoukumbuka utoto wao wakitabasamu. Mimi wangu naukumbuka na hasira ya mtu aliyekatizwa akiwa katikati ya kusema jambo.

Tuliishi Nanyuki, mama, kaka yangu Mureithi na mimi, katika chumba kimoja cha mbao kwenye ploti yenye vyumba kumi na kitu. Kitanda cha mama kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali ili vitu viingie chini yake: sanduku, sufuria kubwa za kupikia wageni, gunia la viazi. Mbele ya kitanda kulikuwa na kochi la watu watatu lililofunikwa vitambaa alivyofuma mama mwenyewe, na meza iliyofunikwa vitambaa vingine ambavyo hatukuruhusiwa hata kuvipumulia. Jiko lilikaa karibu na mlango, mitungi ya maji ikalifuata. Nafasi iliyobaki kati ya kitanda na kochi ilimtosha mtu mmoja kupita akijipanga upande. Hapo ndipo palipokuwa na anga letu.

Mama alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya wageni. Mgeni akisahau kitu kiliwekwa stoo miezi kadhaa, na kisipoulizwa, aliyekiokota alikichukua. Wenzake walikuwa wamebahatika kupata masweta na viatu vya kupanda mlima. Mama akabahatika kupata boksi lenye picha ya nyota kwenye kifuniko, na ndani yake meli ndogo za plastiki, dadu, na kitabu. Yeye alifikiri ni vipuri vya redio. Alilileta nyumbani kwa sababu boksi lenyewe lilikuwa zuri na lingefaa kuwekea nyuzi.

Mureithi alinizidi miaka mitano. Wakati huo alikuwa na kumi na miwili, mimi saba, kwa hiyo ni yeye aliyekisoma kitabu cha sheria, na mimi nikaamini kila neno. Alisema yeye ni jeshi la meli kubwa, ile moja nzito iliyoitwa Ndovu, na mimi ni jeshi la meli ndogo tatu. Nilizipa majina ya vitu vilivyofanana nazo: Nduma, Waru, yaani kiazi, na Karoti. Kila meli iliwekewa maharagwe pembeni, ndogo matatu, Ndovu sita. Ukitupa dadu ukapata tano au sita, unamwondolea adui haragwe moja. Maharagwe yakiisha, meli imekufa.

Tulicheza juu ya ubao wa plaiwudi ambao mwenye ploti alikuwa ameutupa, mpana kiasi cha mlango wa kabati. Meli ilisogea urefu wa rula moja. Tatizo ni kwamba rula tatu zilitosha kukutoa kwenye anga lote na kukuingiza kwenye majivu ya jiko.

"Ciru, hiyo imetoka nje. Imekufa."

"Haijakufa! Iko tu kwa kitambaa ya mami."

"Kitambaa si anga. Kitabu imesema."

Kitabu kilisema mengi. Kilisema mkubwa anaanza. Kilisema Ndovu anatupa dadu mbili na wadogo moja moja. Siku Ndovu alipoanguka kwenye beseni la vyombo, kitabu kilisema Ndovu anajua kuogelea. Nilipolalamika, Mureithi alikifungua, akapitisha kidole kwenye mistari, akatikisa kichwa kwa huruma. Ningefanya nini? Kilikuwa kimeandikwa.

Kilichonichoma zaidi si kushindwa. Ni kwamba hatukumaliza hata mara moja. Mama alirudi kutoka zamu ya asubuhi akitaka kunyoosha miguu, na miguu yake ikinyooshwa anga lilikuwa limekwisha. Jirani alikuja kuomba chumvi akasimama katikati ya vita. Alhamisi ilikuwa zamu ya akina mama wa kanisa, tisa ndani ya chumba kile, wamekaa kitandani, kwenye kochi, juu ya mitungi. Alhamisi moja sikuwahi kukusanya meli zote. Katikati ya maombi mama mmoja aliikalia Karoti, akaruka juu kwa kelele, na wenzake wakadhani ni Roho amemshukia, wakazidisha kuomba. Na kama hakuna aliyetukatiza, Mureithi alijikatiza mwenyewe. Kila nilipoanza kumzidi alipiga miayo, akasema amechoka, akapanga meli ndani ya boksi. "Tutaanza ingine kesho." Kesho tulianza ingine, naye akaanza na maharagwe yake yote sita.

Nilipofika darasa la tatu nilikuwa nasoma Kiingereza vizuri kuliko wengi. Nikakichukua kitabu nikajificha nacho chooni. Sikuelewa hata neno moja. Nikajaribu tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Muhula mzima niliamini kwamba mimi ni mjinga na kwamba Kiingereza cha kweli bado hakijanifikia. Mwishowe nikampelekea mwalimu, akacheka, akaniambia hiki si Kiingereza, ni Kijerumani, na hapa shuleni hakuna anayekijua.

Nilikimbia njia nzima hadi nyumbani. Mureithi alikuwa akimenya viazi.

"Wewe hata haujui kusoma hii kitabu!"

Hakushtuka hata kidogo. "Naangalianga picha," akasema.

Nililia kwa hasira mpaka nikapata kwikwi. Miaka miwili ya Ndovu anayejua kuogelea! Nilipotulia nilileta daftari na kalamu, nikamwambia sheria zitaandikwa, na zikishaandikwa hakuna wa kuzibadilisha. Aliandika. Lazima nimpe haki yake: aliandika zote, akaniacha niongeze zangu, na mwisho wa ukurasa akaweka sahihi ndefu ya mtu mkubwa. Sheria ya kwanza niliyoongeza ilisema vita vikianza lazima viishe. Hakuna kuchoka.

Vita vya kwanza chini ya daftari lile tulivianza wiki moja baada ya yeye kumaliza mtihani wa darasa la nane. Tulicheza vipande vipande, kila siku kidogo. Mama akihitaji kupita, tuliusukuma ubao chini ya kitanda na meli zake zikiwa zimesimama palepale, halafu tunauvuta tena kwa upole. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile, na sikuwahi kuwa na wasiwasi kama ule. Kwa sababu nilikuwa nashinda. Sikubahatisha, nilimzunguka. Niligundua kwamba Ndovu akibanwa pembeni hawezi kugeuka bila kutoka kwenye ubao, na nikambana. Siku ya nne alikuwa amebakiwa na haragwe moja. Mimi nilikuwa na meli zote tatu: Nduma na maharagwe mawili, Waru na moja, Karoti na moja. Ilikuwa zamu yake. Ikirudi kwangu nilihitaji tano au sita moja tu, kwa dadu yoyote kati ya tatu.

Mureithi ameshika dadu, anazichezesha kiganjani, na mlango ukafunguliwa. Alikuwa Ankol Gichuki, kaka ya mama, amevaa koti la Jumapili siku ya Jumanne.

"Kijana, wenzako wako kwa gari," akasema. "Twende."

Mama alikuwa nyuma yake na alikuwa akiangalia jiko, ingawa hakukuwa na kitu jikoni. Mureithi akasimama.

"Anaenda wapi?" nikauliza.

"Hiyo si maneno ya wasichana," Ankol akanijibu, bila ukali.

"Amalize kwanza! Ni zamu yake!"

Mureithi akainama, akaziweka dadu kwenye kona ya ubao. Moja ikamponyoka, akairudisha, na nikajua kwa nini. Au nilidhani najua. "Usiguse kitu," akaniambia. "Nikirudi tutamaliza."

Mama aliniambia kaka yangu anaenda kuwa mwanaume. Nikamuuliza itachukua muda gani, akasema wiki tatu. Nikamuuliza kama haiwezekani awe mwanaume baada ya zamu mbili tu, akaniambia nikachote maji.

Tohara nilikuwa nimeisikia, lakini niliijua kama nilivyojua ushuru: jambo la watu wazima linalowasumbua na ambalo halinihusu. Nilichokielewa kilikuwa rahisi zaidi. Mureithi alikuwa na haragwe moja. Mureithi alikuwa na tabia ya kuchoka akizidiwa. Daftari lilikuwa limemkataza kuchoka. Kwa hiyo alikuwa ametafuta njia nyingine ya kutoroka, na amemhusisha Ankol. Niliamini hivyo kabisa. Kila jioni mama alipompa Ankol chakula cha kumpelekea kule alikokuwa akipona, chumba fulani ambacho sisi wanawake hatukuruhusiwa kukikaribia, mimi niliona mtu anayelishwa akiwa mafichoni.

Nikaulinda ubao. Nilichora duara la penseli kuzunguka kila meli, ili ikitikisika nijue pa kuirudisha. Nikamkataza mama kufagia chini ya kitanda, nikafagia mwenyewe, nimelala kifudifudi, kwa brashi ya viatu. Paka wa jirani nilimpiga kwa ndala. Siku moja mama alivuta gunia, kiazi kikabingirika kuelekea kwa Waru, nami nikapiga ukelele uliowatoa majirani nje.

"Ngai, hii mtoto iko na nini?" mama akasema, ameshika kifua.

Siku Mureithi alipotarajiwa kurudi nilioga bila kuambiwa. Mama alipika nyama na chapati. Ankol alikuja na wanaume watatu wa ukoo, na katikati yao akaingia mtu aliyevaa koti jipya, kofia mpya na viatu vipya vilivyolia sakafuni. Alitembea polepole, miguu imeachana kidogo. Akanipa mkono.

"Habari yako, Ciru," akasema, kwa sauti nzito ya kujilazimisha.

Nilicheka. Nilidhani ndivyo anavyotaka. Hakuna mwingine aliyecheka, na yeye akaketi kwenye kochi pamoja na wanaume, akawekewa chakula kabla ya mama, kabla yangu, sahani sawa na ya Ankol. Nilisubiri wamalize kula. Nilisubiri wasali. Halafu uvumilivu ukaniishia, nikatambaa chini ya kitanda mbele ya viatu vyote vile, nikauvuta ubao polepole hadi kwenye miguu yake. Hakuna meli iliyokuwa imetoka kwenye duara lake.

"Zamu yako," nikamwambia.

Mureithi aliutazama ubao, na ninaapa alihesabu maharagwe, maana niliyaona macho yake yakienda Nduma, Waru, Karoti. Halafu akainua kichwa.

"Mimi siwezi cheza hiyo vitu," akasema. "Tafuta watoto wenzako."

"Unaogopa!" nikapasuka. "Ulitoroka ukaenda huko sababu nilikuwa nakushinda!"

Sijawahi kusikia wanaume wakicheka vile. Ankol alilia machozi, mwingine akapiga goti lake, chai ikamwagika kwenye kitambaa cha mama na hata mama hakugombana. Mureithi peke yake hakucheka. Alikuwa akiangalia viatu vyake, na masikio yake yalikuwa yamewaka. Mama akanishika mkono akanitoa nje.

Leo naelewa. Alikuwa na miaka kumi na minne, bado ana maumivu, amezungukwa na wanaume waliokuwa wakimpima kama amekomaa, na mimi namwambia apige magoti sakafuni acheze na msichana wa miaka tisa. Hakuwa na namna. Naelewa yote hayo, na kuelewa hakujanipunguzia hasira hata kidogo.

"Hakuna mtu alitoroka wewe," mama akaniambia tukiwa kando ya mfereji. "Kaka yako sasa ni mtu mzima. Atakuwa analala kwa ile stoo ya pale geti, na wewe usiingie huko. Akitaka chakula utaweka kwa mlango."

"Na vita yetu?"

"Nguo zake za utoto zinapewa wadogo. Hata hiyo boksi. Ankol atabeba Jumapili apelekee Kariuki huko Gakindu."

Kariuki alikuwa mtoto wa Ankol, na alikuwa hajanikosea chochote. Nilimchukia papo hapo.

"Lakini ni yetu!"

"Ilikuwa yake. Sasa wewe msichana utafanya nini na vitu ya wavulana?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza kweli. Nilitaka kusema: nilikuwa nashinda.

Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi nilimpelekea Mureithi uji mlangoni kwake na kumwambia kupitia mbao za mlango kwamba imebaki siku moja. Alisema, "Weka hapo." Nikaweka hapo.

Jumapili asubuhi nilisema tumbo linaniuma. Mama aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akaniachia chai ya tangawizi, akaenda kanisani. Mwanga uliingia kati ya mbao na kuweka mistari sakafuni. Nikauvuta ubao kwa mara ya mwisho. Ankol angekuja baada ya ibada, na vita vikianza lazima viishe. Nikachukua dadu za Mureithi mahali palepale alipoziacha, nikamtupia, kwa niaba yake.

Tano na mbili. Nilijua angemlenga nani, alianza na mnyonge siku zote. Nikaondoa haragwe la Karoti, nikamweka Karoti pembeni. Zamu yangu: moja, tatu. Nikamtupia tena. Sita na sita. Nilikaa nikizitazama. Hakuna mtu aliyekuwa akiona. Ningeweza kuzigeuza kwa kidole, na leo ningekuwa nimeshinda, na ningekuwa nimemshinda nani? Nikamtoa Waru. Nikampunguzia Nduma haragwe, wakabaki na haragwe moja moja, Nduma na Ndovu wakitazamana.

Nikatupa yangu. Nne. Nikamtupia zake: mbili na moja. Sasa ilikuwa haki yangu, nilikuwa nimeilinda wiki tatu nimelala kifudifudi. Nikaipuliza dadu. Nikaitikisa mpaka mkono ukauma. Nne tena.

Zamu yake ilikuja na tatu na tano.

Nikaondoa haragwe la Nduma. Sikulia, hilo nakumbuka. Nilipanga meli kwenye boksi, kila moja kwenye shimo lake, Ndovu katikati, nikaweka dadu, nikaweka hata kile kitabu cha Kijerumani. Daftari nilibaki nalo.

Nikatoka nje, nikaenda hadi kwenye stoo ya geti. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mureithi alikuwa ameketi kwenye kitanda chake kipya na vijana wawili waliopona pamoja naye, wote wamevaa kofia, wanakula njugu na kucheka kwa zile sauti zao mpya. Sikuingia. Nilisimama kwenye kizingiti.

"Umeshinda," nikamwambia.

Akageuka. "Nini?"

"Vita. Nimekutupia. Umemaliza zote tatu."

Uso wake ukabadilika. Kwa muda mfupi sana akawa Mureithi wa kumenya viazi, ameinuka nusu kutoka kitandani, macho yamemtoka.

"Na ile haragwe moja?"

"Na hiyo moja."

Mdomo ulikuwa umeanza kucheka. Nadhani angeniuliza nilitupa nini, na ningemwambia zote, nilikuwa nimezishika kichwani kwa ajili yake. Lakini mwenzake akaacha kutafuna njugu. "Anasema umeshinda nini?"

Mureithi akaketi tena. "Ah, hakuna," akasema. "Ni mambo ya watoto."

Akanyoosha mguu, akausukuma mlango kwa kiatu chake kipya ukafungika. Nikabaki pale nje, nimeshindwa kihalali, na hakuna mtu wa kumdai marudiano.